Askofu Munzihirwa: Ngao Pasipo Mkuki

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wananchi wa Kata ya Nyakakika, wilayani Karagwe, Mkoa wa Kagera, juu ya vita na amani katika nchi za Maziwa Makuu.)

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Methali hii imetumiwa mara nyingi mno hata watu wengi wameacha kuisikia. Lakini mkazi wa Karagwe aliyekuwa na umri wa kuelewa mambo mwaka 1994 hawezi kuacha kuisikia. Katika mwaka huo Mto Kagera, ambao upande wa magharibi ndio mpaka wa nchi hii na Rwanda, ulibeba maiti za watu waliouawa na kutupwa majini, ukazifikisha mpaka Ziwa Viktoria. Mto ambao wazee waliujua kwa mafunjo, samaki na viboko ukawa shahidi wa mauaji ya kimbari. Katika siku zipatazo mia moja waliuawa watu wanaokadiriwa kufikia 800,000, wengi wao wakiwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki katika unyama ule.

Pamoja na maiti walikuja watu walio hai. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja tu, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Wengine waliingia Karagwe, wakawekwa katika makambi kama Chabalisa na Kagenyi. Wananchi wa mkoa huu wakagawana nao maji, kuni na ardhi, na mzigo huo waliubeba kwa miaka miwili na nusu.

Miezi mitatu baadaye, yaani Julai 1994, wimbi jingine kubwa zaidi lilielekea magharibi, likaingia Zaire, nchi ambayo leo huitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Likaufurika mji wa Goma, na upande wa kusini wa Ziwa Kivu likaufurika mji wa Bukavu. Katika mji huo wa Bukavu alikuwapo askofu mmoja aliyekuwa hajatimiza hata miezi sita katika kiti chake. Wakimbizi waliogonga mlango wa Karagwe na waliogonga mlango wa askofu yule walikuwa watu wa nchi moja, waliokimbia msiba mmoja. Kwa hiyo habari za askofu huyo si habari za mbali kwa watu wa Nyakakika. Ni habari za jirani aliyepatwa na mtihani uleule.

Jina lake kamili lilikuwa Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo. Kwa sikio la Mnyambo, neno hilo la mwisho halina ugeni, kwa maana liko karibu sana na "engabo", yaani ngao. Na kwa kweli maisha yake yote yalikuwa ya ngao pasipo mkuki.

KIJANA WA KIVU

Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 katika nchi ya Washi, karibu na Bukavu, wakati Kongo ilipokuwa koloni la Ubelgiji. Alipata upadri mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru wa nchi yake. Mwaka 1963, akiwa tayari padri na umri wake ukikaribia miaka arobaini, alijiunga na Shirika la Wajesuiti, akaanza upya kama mwanafunzi. Baadaye alipelekwa Leuven, Ubelgiji, kusomea elimu ya jamii na uchumi.

Yafaa kukumbuka nchi ile ilivyokuwa wakati huo. Waziri Mkuu wa kwanza, Patrice Lumumba, aliuawa Januari 1961 kwa njama ambazo mabeberu walikuwa na mkono ndani yake. Mwaka 1964 maasi yalienea mashariki yote ya nchi. Novemba 1965 Jenerali Mobutu akatwaa madaraka kwa nguvu, na akayashikilia kwa zaidi ya miaka thelathini, huku mataifa makubwa ya magharibi yakimlinda kwa sababu aliwalindia madini yao.

Mtu aliyekulia katika mambo hayo angeweza kuchagua mojawapo ya njia mbili. Angeweza kushika bunduki, kama walivyofanya wengi wa rika lake. Au angeweza kunyamaza, ajifungie kanisani na kusema kwamba siasa ni ya wanasiasa. Munzihirwa hakuchagua hata mojawapo. Ugumu wa njia yake ya tatu ulianza kuonekana mwaka 1971.

PADRI KATIKA MAGWANDA

Juni 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Kinshasa, waliandamana, na askari wakawafyatulia risasi. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wanafunzi walipowakumbuka wenzao waliouawa, Mobutu aliamuru chuo kifungwe na wanafunzi wote waandikishwe jeshini kwa nguvu. Adhabu hiyo ilikusudiwa kuwavunja moyo: kijana aliyethubutu kuuliza swali afundishwe kutii amri.

Padri Munzihirwa hakuwa katika orodha ile. Hakuna aliyemlazimisha. Yeye mwenyewe aliomba aandikishwe pamoja na vijana wale. Hivyo mtu ambaye baadaye angepinga vita kwa nguvu zake zote aliwahi kuvaa magwanda ya askari. Hakuyavaa ili apigane. Aliyavaa kwa sababu vijana waliokuwa chini yake walikuwa wamevishwa, naye hakuona haki kubaki na kanzu safi nje ya uzio.

Tendo hilo moja linafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndilo ufunguo wa mengine yote. Wako watu wengi wanaohubiri amani kutoka mahali penye usalama. Maneno yao ni mazuri, na magazeti huyachapisha. Lakini Munzihirwa alishika kanuni nyingine: kwamba mtu hana ruhusa ya kuwaambia wengine wavumilie jambo ambalo yeye mwenyewe amelikwepa. Kwanza simama walipo, kisha sema.

Kuanzia mwaka 1980 hadi 1986 aliwaongoza Wajesuiti wa Afrika ya Kati. Kisha akapelekwa Jimbo la Kasongo, katika Maniema, akawa askofu wake. Wananchi wa Karagwe hawana haja ya kufafanuliwa sana juu ya askofu wa aina hiyo. Walikuwa na Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, ambaye katika miaka ya Ujamaa aliiacha nyumba ya kiaskofu akaenda kuishi na kulima pamoja na wanakijiji wa kijiji cha Ujamaa. Mwoleka alilitafuta neno la Mungu katika jembe la pamoja. Munzihirwa alilitafuta katika hofu ya pamoja.

Na hofu ilikuwa nyingi. Mwaka 1991, na tena 1993, askari wa Zaire ambao mishahara yao haikulipwa, au ililipwa kwa noti zisizo na thamani, waliingia mitaani na kupora mali za wananchi. Hapo ndipo wananchi wa nchi ile walipojifunza kwamba jeshi lisilo na nidhamu wala mshahara ni adui wa kwanza wa taifa lake. Serikali ilikuwa imebaki jina, na mahali pengi makanisa ndiyo yaliyobaki yakiendesha shule na hospitali. Askofu katika Zaire ya wakati huo, apende asipende, alikuwa pia mlinzi wa raia.

MTIHANI WA WAKIMBIZI

Machi 1994 Munzihirwa alifanywa Askofu Mkuu wa Bukavu. Majuma matatu baadaye mauaji ya kimbari yakaanza ng'ambo ya mpaka. Julai, mamia ya maelfu ya watu wakavuka Mto Ruzizi, wakalala barabarani, viwanjani na katika nyua za makanisa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na hapafai kupitwa harakaharaka. Watu wale hawakuwa wa namna moja. Walikuwamo wanawake, watoto na wazee ambao kosa lao pekee lilikuwa kuzaliwa mahali pasipo na bahati. Walikuwamo pia askari wa jeshi lililoshindwa, na wanamgambo wa Interahamwe ambao mikono yao ilikuwa bado na damu. Wauaji hao waliyatawala makambi. Waligawa chakula cha msaada wao wenyewe, wakawazuia waliotaka kurudi makwao, wakaendelea kujipatia silaha na kuivuka mipaka usiku kwenda kuua. Umoja wa Mataifa uliomba majeshi ya kuwatenga wauaji na raia. Mataifa makubwa, yaliyokuwa na ndege na fedha za kufanya kazi hiyo, hayakuleta majeshi hayo.

Katika hali kama hiyo, ni rahisi mtu kuteleza upande mmoja au mwingine. Anaweza kusema, "Hawa wote ni wauaji, wafukuzwe." Au anaweza kusema, "Hawa wote ni wanyonge, wasiguswe." Kauli zote mbili ni uongo, na zote mbili huua watu.

Msimamo wa Munzihirwa, katika barua na matamko aliyoyatoa kati ya 1994 na 1996 kwa wakuu wa dunia na kwa waumini wake, waweza kufupishwa katika mambo matatu.

Kwanza, alikataa watu wote wa kabila moja wahukumiwe kwa makosa ya baadhi yao. Haki, kwa maoni yake, humtafuta mtu kwa jina lake na kwa tendo lake. Mtoto wa miaka minne hawezi kuwa Interahamwe.

Pili, alisisitiza kwamba mkimbizi arudi kwao kwa hiari na akiwa na uhakika wa usalama wake, wala si kwa kuswagwa kama ng'ombe. Agosti 1995 askari wa Zaire waliwasukuma wakimbizi wapatao 15,000 kuvuka mpaka kwa nguvu, na maelfu ya wengine wakakimbilia milimani. Dunia iliona hapo kwamba nguvu haimalizi ukimbizi, bali huuhamisha kutoka barabarani na kuupeleka porini.

Tatu, aliwanyoshea kidole waliokuwa wakinufaika. Alisema waziwazi kwamba maneno ya amani ya mataifa makubwa hayalingani na matendo yao, na kwamba silaha zinazomiminwa katika nchi maskini huleta vita vingine. Hakumwogopa Mobutu, ambaye askari wake waliwaonea raia, wala hakuwaogopa watawala wapya waliokuwa wakijiandaa kuivuka mipaka.

Wako waliomlaumu, hasa upande wa Rwanda, kwamba kwa kuwatetea wakimbizi alikuwa akiwafunika wauaji. Lawama hiyo isipuuzwe. Aliyepoteza ndugu zake wote katika siku mia moja ana haki ya kumuuliza askofu: ulikuwa ukimlinda nani? Na kweli ni kwamba chini ya mwavuli wa msaada wauaji walijificha. Lakini swali hilo lingefaa lielekezwe kwanza kwa waliokuwa na nguvu ya kuwatenga wauaji na hawakuitumia. Askofu hakuwa na kikosi. Alikuwa na sauti, na sauti hiyo ilisema kwamba mwenye hatia atafutwe na asiye na hatia aachwe aishi. Yaliyofuata yalionyesha gharama ya kutolisikiliza neno hilo.

OKTOBA 1996

Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba 1996 mambo yalikwenda mbio. Katika Kivu ya Kusini wakuu wa serikali ya Zaire walitoa amri kwamba Banyamulenge, raia wenye asili ya Kitutsi waliokuwa wakiishi nchini humo kwa vizazi, waihame nchi. Amri hiyo ya chuki ikawa petroli juu ya moto. Tarehe 6 Oktoba hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Chama kipya cha mapigano, AFDL, kikatangazwa chini ya Laurent Kabila, mtu aliyewahi kuishi miaka mingi hapa Tanzania, na nyuma yake yalikuwapo majeshi ya Rwanda na Uganda. Uvira ikaanguka. Zamu ya Bukavu ikafika.

Wakuu wa serikali na makamanda wa jeshi walijua la kufanya: walikimbia. Waliokuwa wakijiita walinzi wa taifa waliondoka na magari, na wengine walipora njiani. Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyekuwa na umri wa miaka 70, alibaki. Mji ukamtazama yeye. Pamoja na raia wengine alijaribu kuushika mji usitawanyike, na tarehe 28 Oktoba aliwatolea wananchi ujumbe wa mwisho. Aliwaomba watulie na wapendane, wala wasikate tamaa kwamba Mungu atawatupa.

Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996 alikuwa garini akirudi kutoka katika shughuli hizo za kuutuliza mji. Katika mtaa wa Nyawera, karibu na Chuo cha Alfajiri cha Wajesuiti, askari wa upande uliokuwa ukiuteka mji walilisimamisha gari. Askofu akashuka, msalaba wake mkononi, akawaendea. Wakampiga risasi akafa. Mwili wake ulibaki barabarani usiku kucha, kwa kuwa hakuna aliyeweza kupita. Kesho yake vijana waliokuwa wakisomea upadri walithubutu kwenda kuuchukua. Alizikwa kwenye kanisa lake kuu, ambalo jina lake ni Kanisa la Bikira Maria wa Amani.

Mtu aweza kuuliza: basi alifaidi nini? Mji ulitekwa siku iliyofuata. Vita havikusimama kwa sababu ya msalaba wake. Hilo ni kweli, na haifai kulipamba. Ngao haizuii kila mkuki. Lakini ni ngao zake hizo zilizowafanya watu wa Bukavu wajue, hata baada ya wakuu wao kukimbia, kwamba yupo mtu mmoja aliyewahesabu kuwa watu. Mrithi wake, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliposema dhidi ya uonevu, waasi waliotawala mji huo walimhamisha kwa nguvu mwezi Februari 2000 na kumpeleka Butembo. Waumini hawakunyamaza, na Septemba mwaka huohuo akarudishwa, ingawa alifariki wiki chache baadaye. Naye daktari aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Lemera, Denis Mukwege, alijenga hospitali ya Panzi mjini Bukavu ili kuwatibu wanawake waliodhalilishwa vitani, na mwaka 2018 alipata Nishani ya Nobeli ya Amani. Mbegu haikuozea barabarani.

VITA HAVIKWISHA

Mobutu aliangushwa Mei 1997. Walioshangilia walidhani vita vimekwisha. Agosti 1998 vikaanza vingine, vikayaingiza majeshi ya nchi nyingi za Afrika katika ardhi ya Kongo. Watu waliokufa kwa risasi, kwa njaa na kwa maradhi yaliyoletwa na vita hivyo wanakadiriwa katika mamilioni. Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa taarifa ndefu ya maovu yaliyotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003, ikionyesha kwamba wakimbizi wengi, wakiwamo wanawake na watoto, walifuatwa mpaka ndani ya misitu na kuuawa. Hayo ndiyo aliyoyaonya askofu: watu wote wakipewa jina la wauaji, kuwaua huonekana ni halali.

Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23. Februari mwaka huohuo Bukavu nayo ikatekwa, na maelfu ya watu wakapita tena katika barabara zilezile. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za Kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam kutafuta njia ya kusimamisha mapigano hayo. Kwamba mkutano huo ulifanyika katika ardhi ya Tanzania ni heshima. Kwamba ulihitajika, miaka 28 baada ya Munzihirwa kuuawa, ni aibu kwa Afrika nzima.

Na ni nani anayeneemeka? Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Dhahabu, bati na koltani ya Kivu hutoka ardhini kwa mikono ya maskini na hupita mipakani kwenda kutajirisha wengine. Bunduki zinazolinda biashara hiyo hazikufuliwa na wahunzi wa Kivu. Zilitengenezwa mbali, zikauzwa kwa faida, na faida hiyo haikurudi kujenga hata zahanati moja.

SWALI KWA TANZANIA

Mwananchi wa Kagera anaweza kuuliza swali gumu, na ana haki ya kuliuliza. Oktoba 1978 majeshi ya nduli Idi Amin yalivamia mkoa huu, yakaikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yakaua watu, yakaiba ng'ombe na kulivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga mvamizi ipo, na nia na uwezo vipo. Vijana wakaenda, na wengine wao wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Je, kumsifu askofu aliyepinga vita si kuwakana mashujaa hao?

Sivyo. Kumtoa mvamizi katika nyumba yako si sawa na kumfuata jirani porini kwa sababu ya kabila lake. Taifa lililolazimika kupigana mwaka 1978 ndilo linalojua zaidi kwamba vita si ngoma. Mwalimu aliyetoa amri ile ndiye aliyetumia miaka ya mwisho ya uhai wake kuwapatanisha Warundi, kazi iliyokamilishwa kwa mkataba wa Arusha mwezi Agosti 2000 baada ya yeye kufariki. Mashujaa wa Kaboya hawakufa ili vita vipendwe. Walikufa ili viishe.

Lipo swali la pili, nalo ni gumu zaidi. Desemba 1996, wiki chache tu baada ya kifo cha Munzihirwa, serikali ya Tanzania pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi zilitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao ifikapo mwisho wa mwaka. Karibu watu nusu milioni waliondoka Ngara na Karagwe. Waliojaribu kukimbilia ndani ya nchi walirudishwa na askari hadi mpakani. Mzigo ulikuwa umezidi, misitu ilikuwa imekwisha, wizi ulikuwa umeongezeka, na wananchi walikuwa wamechoka. Sababu hizo zilikuwa za kweli. Lakini ni kweli pia kwamba miongoni mwa waliosindikizwa walikuwamo waliokuwa na hofu ya haki, na hofu hiyo haikupata muda wa kusikilizwa mtu kwa mtu. Taifa linalojivunia ukarimu wake halipungukiwi kitu kwa kukumbuka hata siku ambayo ukarimu huo ulichoka. Hupungukiwa linaposahau.

WAJIBU WA WANANCHI

Ndugu Wananchi, Nyakakika si Bukavu, na hapana mtu wa kata hii anayetakiwa leo kusimama mbele ya bunduki akiwa na msalaba. Lakini vita vya Bukavu havikuanzia katika bunduki. Vilianzia katika maneno. Vilianzia pale mtu mmoja alipoacha kuitwa kwa jina lake, akaitwa kwa kabila lake. Vilianzia pale kiongozi alipotoa amri ya kuwafukuza majirani, na waliosikia wakapiga makofi au wakatazama pembeni.

Karagwe ni wilaya ya mpakani. Hapa watu wameoana kuvuka mipaka, wamechunga pamoja, wamezikana. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mwananchi ni kulikataa neno la chuki lingali neno. Anaposikia kijiweni, sokoni au kanisani kwamba "watu wa namna hii wote ni wezi" au "wote si wenzetu", asipite kama hakusikia. Mwizi ana jina lake, na apelekwe mahakamani kwa jina hilo.

Wajibu wa pili ni wa viongozi, wa dini na wa Chama na Serikali kadhalika. Siku ya hatari ndiyo siku ya kuhesabiwa. Wakuu wa Bukavu walikuwa na vyeo vikubwa kuliko askofu, lakini siku ile vyeo vyao viliondoka na magari. Kiongozi anayetaka kujua uzito wake asiutafute katika idadi ya watu wanaomsimamia anapoingia ukumbini. Ajiulize kama angebaki.

Wazee wanakumbuka kwamba Karagwe ya kale, ya kina Ndagara na Rumanyika, ilisifika kwa ufuaji wa chuma. Mhunzi alitumia moto mmoja na nyundo moja kufua jembe na kufua mkuki. Chuma hakikuchagua. Aliyechagua ni mwenye nyundo. Vizazi vya sasa vina moto wao na vina nyundo yao, yaani shule, redio, mimbari na mikutano kama huu. Christophe Munzihirwa, Mwene Ngabo, alichagua mapema cha kufua, na hakukibadilisha hata jioni ile ya Nyawera.